Ujirani wa Cordova

Zinapotajwa habari za misikiti na makanisa kufunguliana milango, ni laiki tuukumbuke mtaa wa Cordova, kando ya Memphis katika jimbo la Tennessee, Marekani, ambako Waislamu waliponunua kiwanja ili wajenge markazi yao, kanisa la Heartsong lililo ng'ambo ya barabara, chini ya mchungaji Steve Stone, halikungoja kubishiwa hodi, bali lilisimamisha kibao cha kuwakaribisha majirani wapya. Ilipoingia Ramadhani ya mwaka 2010, na jengo la markazi lingali halijatimia, walifunguliwa ukumbi wa kanisa, wakasali humo tarawehe. Na hayo yalijiri mwaka ule ule ambao mjini Murfreesboro, katika jimbo lilo hilo, mtambo ulitiwa moto kwenye kiwanja cha ujenzi wa msikiti.

Baadhi ya washirika wa kanisa walihama kwa kutoridhia, nami siwabezi. Lakini naona mchungaji alihukumu sawa, kwani hakutakiwa aiache itikadi yake, wala wageni wake hawakuibadili yao. Haki ya jirani katika Uislamu haimbagui asiyekuwa Mwislamu, na sisi watu wa pwani, ambao adhana na kengele tumezisikia pamoja tangu utotoni, twalijua hilo fika. Basi enyi viongozi wa markazi zetu, jirani wa dini nyingine akianza kuchimba msingi, mtangulieni kwa salamu.