Tulichokiona kwenye viti vya kamba

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mulungwishi)



Kamati ilituomba tuseme kidogo juu ya kazi tuliyofanya inje. Tuko watatu hapa ndani tuliotumika Dubai, katika jumba la theluji. Yule anayesoma karatasi hii ninyi mnamjua, ni yule wa shirika anayepita vijijini na pikipiki. Lakini maneno tumeyapanga pamoja, kwa hiyo tutasema "sisi". Kuna mambo ya kucheka humu, mcheke tu. Mwishoni kuna jambo moja ambalo si la kucheka, juu ya lupango moja ya hapahapa Mulungwishi.

Tuanze na mahali penyewe. Dubai ni jangwa. Mwezi wa saba na wa nane joto la inje linapita digrii 40. Sasa, katika jengo moja kubwa la maduka linaloitwa Mall of the Emirates, kuna jumba la Ski Dubai lililofunguliwa mwaka 2005. Jumba lina urefu wa mita 85 hivi kwenda juu, na ndani yake wametengeneza mlima wa theluji. Njia ndefu ya kutelezea ina mita 400. Mchana baridi inakuwa digrii moja ao mbili chini ya sifuri. Usiku wanaizidisha, mashini zinapuliza maji, yanaganda hewani na kuanguka kama theluji, tani 30 hivi kila usiku. Baridi yetu ya mwezi wa saba, ile ya kuota moto wa makala asubuhi, ni mchezo mbele ya ile.

Watu wanapanda mlima wakikaa kwenye viti. Kiti kimoja kinabeba watu wanne, kinaning'inia kwenye kamba ya chuma. Mota ya umeme inazungusha gurudumu kubwa, na kamba inazunguka na viti vyake, upande huu vinapanda, upande ule vinashuka. Wazee waliotumika Gécamines watafikiria mashini ya Kipushi ya kushusha wachimbaji. Lakini ile inasimama ili watu waingie. Hii haisimami. Kiti kinakuja nyuma ya magoti yako, na unapaswa kukaa saa ileile. Kazi yetu ilikuwa njo ile: kushika kiti kisimpige mtu, kumwambia akae, kushusha chuma cha mbele, halafu kugeukia kiti kinachofuata. Mtoto akianguka, unagonga kitufe chekundu. Mmoja wetu alikaa juu, kwa kuwa huko watu wanasahau kusimama na kushuka. Saa nane kwa siku, macho kwenye magoti ya watu.

Tuliona mengi. Tuliona mabwana wa kule, kanzu nyeupe zikitokea chini ya makoti ya kukodi, wakishikana mikono kama watoto wasianguke. Mtoto mmoja alijaza theluji mdomoni, akaitema, akatuuliza kwa nini haina chumvi. Kuna pengwini pia, tangu mwaka 2012, ndege weusi kwa weupe wasioruka. Saa yao ikifika wanapita kwa mstari, polepole, na matajiri wote wanasimama pembeni kuwapisha. Mwenzetu Mganda alisema: "Kwetu Buganda anayepishwa hivi ni Kabaka peke yake."

Kulikuwa na Mkenya pia, mtu wa masimulizi. Mgeni akichelewa kufika chini, akianguka na kuinuka, yeye alituambia habari ya Philip Boit, Mkenya aliyeshindana kwa ski huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alifika wa mwisho kabisa katika mbio za kilomita 10. Bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie. Tuliisikia habari ile labda mara hamsini.

Na kulikuwa na mzee mmoja wa Bangladesh. Alitumika ujenzi kule miaka 18, na kesho yake alikuwa anarudi kwao. Alipanda kiti peke yake, akazunguka, akashuka. Wakati wa kutoka alijaza theluji ndani ya chupa ya plastiki. Tukamwambia itakuwa maji kabla hajafika kwenye basi. Akasema anajua, lakini maji yatakuwa yangali baridi, na wenzake wa chumba hawatapata siku ya kuja hapa. Akaifunga chupa ndani ya shati lake, akaenda.

Sasa tuseme yetu. Komisioneri aliyetupeleka alichukua dola 2,500 kwa kila mtu. Aliahidi kazi ya injinia. Alitusafirisha na visa ya matembezi, ambayo hairuhusu kazi, na tulilala miezi mitatu, watu kumi katika chumba kimoja, kabla ya kupata kazi yenye kontra. Jumba lilitulipa kilichoandikwa kwenye kontra, hatuwezi kusema uongo. Lakini komisioneri alikuwa ametutajia mara tatu yake. Mshahara uliingia katika madeni na kuishia mule.

Nyumbani hatukusema. Kwenye telefoni tulisema sisi ni bainjinia wa mashini za baridi. Tulitengeneza na picha: sisi watatu, makoti mazuri, theluji nyuma, tunacheka. Tukaituma. Hapa ikapita mkono kwa mkono.

Siku moja wakaja wamama wachuuzi waliokuwa wanafuata vitu Deira. Tulisikia sauti kabla ya kuwaona. Mama mmoja alikuwa anapiga kelele: "Miye sitaikala pale! Kile kintu kinakimbia na bantu!" Kiswahili cha Likasi, pale kwenye baridi! Huyu anayesoma, mwenye diploma yake ya chuo kikuu, alivuta kitambaa mpaka chini ya macho. Aliogopa kutambulika. Lakini mama alifika mbele ya kiti, miguu ikitetemeka, na kumwacha bila neno ingekuwa kumwangusha. Basi akamwambia: "Mama, usiogope. Ngoja kidogo. Sasa, ikala." Mama akaikala. Kiti kikaondoka naye, na yeye akageuza kichwa, akilia kwa sauti: "Weye! Weye uko mutoto wa nani?" Alipanda akiuliza vilevile mpaka hatukumsikia tena.

Aliposhuka alikuja moja kwa moja. Ikabidi kumwambia jina la baba. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Baba yako anajua hii kazi?" Hapana, mama. Akasema "Basi", akamshika bega, akafuata wenzake.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Kontra ikaisha, tukarudi, mikono mitupu. Njiani kutoka Lubumbashi tulikuwa tunapanga uongo wa kueleza pesa za uinjinia zilienda wapi. Jioni ya kwanza, bukari na sombe mezani, baba akamwangalia mwanawe kabla hajafungua mdomo. Akasema: "Mama mumoja wa Likasi alipitaka hapa. Alisema unaikalisha bantu kwenye kiti, na hakuna hata mumoja anaanguka." Kumbe alijua muda wote ule. Kila juma alisikia habari za uinjinia kwenye telefoni, na kila mara alijibu: "Vema, mwanangu, utumike vizuri." Alikuwa anangoja tuseme wenyewe.

Tungeweza kumalizia hapo, lakini jambo la lupango linatudai. Mwezi huu kuna mtu anapita hapa Mulungwishi, anatafuta vijana wa kwenda Dubai, na anaomba dola 3,000. Kijana mmoja alituonyesha kwenye telefoni yake picha aliyopewa na mtu huyo ili kuvuta wazazi. Ilikuwa picha yetu. Sisi watatu, makoti, theluji, tunacheka. Familia yake imekwisha kutafuta mnunuzi wa lupango yao karibu na reli, juu ya picha ile.

Bandugu, tulipata haya. Tulidhani uongo wetu unatufunika sisi peke yetu.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. La kwanza kwa wazazi na vijana. Sheria ya kazi ya Emirates, namba 33 ya mwaka 2021, inakataza kumtoza mfanyakazi pesa za kumpatia kazi. Anayekuomba dola 3,000 anafanya ambacho sheria ya kule imekataza. Visa ya matembezi si ya kazi. Paspoti ni yako, mwajiri haruhusiwi kuishika. Kabla ya kutoa hata franka moja, leteni karatasi ya kontra kwa kamati. Tutaisoma pamoja na ninyi, bila malipo. Kama hakuna karatasi, kuna jibu tayari.

La pili ni kwetu sisi tuliorudi, wa Dubai, wa Afrika Kusini, wa Zambia, wa kila mahali. Tuseme kazi tuliyofanya kwa jina lake. Aliyefagia aseme alifagia. Sisi tulishika viti, watu wakakaa vizuri, hakuna aliyevunjika mguu mikononi mwetu. Ile ni kazi, na si haya kuitaja mbele ya watoto wetu.

Kijana mwenyewe yuko hapa, amekaa nyuma pamoja na mama yake. Mdogo wetu, hatusemi usiende. Tunaomba lupango isiuzwe kwanza. Baada ya mkutano tutabaki hapa, tukae na wewe na mama, tuitazame ile picha pamoja, na tuwaeleze ilikuwa siku gani na tulikuwa na deni la pesa ngapi.