Kijumbe na Simbi

Leo nina neno kuhusu upatu.

Mwaka jana kijumbe wetu alihama usiku na fedha zote, zamu yangu ikiwa mwezi uliofuata. Nilikuwa nimekwisha kupanga karo ya mtoto. Katika uchungu huo niliwakumbuka Wayoruba wa kusini-magharibi ya Nigeria. Upatu wao, esusu, ni wa kale, hata waliochukuliwa utumwani walivuka nao bahari. Kule Trinidad hadi leo watu hucheza "susu".

Katika dini yao ya asili utajiri una mungu wake, Aje, naye ndiye wa soko pia. Kwa hiyo kutafuta mali si aibu. Lakini mafundisho ya Ifa yanatanguliza iwa, yaani tabia. Tajiri asiye na iwa ni kama mpagazi tu: amebeba mzigo usio wake.

Fedha nazo hupita. Zamani Wayoruba walinunua na kuuza kwa simbi. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walizoa simbi za pwani yetu kupitia Zanzibar, wakazipeleka Afrika Magharibi kwa merikebu. Zilizidi mno, thamani ikaporomoka, na aliyejiwekea akiba akajikuta na rundo la makombe. Leo simbi hazinunui hata pipi. Hata hivyo, wako wapiga ramli wao ambao bado hurusha simbi 16, wakimshauri mtu juu ya mwenendo wake. Kazi ya sarafu imekwisha. Swali la tabia limebaki.

Basi nikajiuliza: tulipomchagua kijumbe yule tulitazama nini? Tulitazama dhahabu zake na vitenge vyake. Hakuna aliyekwenda kuwauliza majirani zake wa zamani. Fedha alikula yeye, lakini uzembe ulikuwa wetu.

Mwezi huu tumeanza upatu mpya. Tuko 10 tu, na kila mmoja anajulikana mlango wake. Kijumbe ni mama muuza vitumbua. Hana dhahabu hata ya sikioni, lakini kwa miaka yote niliyonunua kwake hajanipunja chenji hata mara moja. Siku moja nilisahau noti kwake, akamtuma mwanawe kunikimbilia hadi kituo cha basi.

Huyo, ndugu zangu, ndiye benki yetu. Nawe msikilizaji, kabla hujatoa mchango wako mwezi huu, ulizia kwanza iwa ya anayeupokea. Hadi juma lijalo, kwaherini.