Vifo vya Wanawake wa Mashambani: Kila Pahali na Umri Wake

(Maneno haya yalisemwa Mtopanga mbele ya kikundi cha akina mama. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Sisi wa Mtopanga tunajiita watu wa mji, lakini kila mmoja ana kwao. Huyu kwao ni Ganze, yule ni Kinango, mwingine Wundanyi, mwingine Siaya. Simu ya msiba ikilia usiku, mara nyingi imetoka huko. Leo nataka tuulize swali moja: mwanamke wa mashambani hufa kwa sababu gani, akiwa na umri gani, na kwa nini jibu linabadilika ukitoka kaunti moja kwenda nyingine?

Tuanze na wale wanaokufa kwa sababu ya uzazi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kenya nzima, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai, akina mama 355 walikufa kwa ajili ya mimba au kujifungua. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima ikichanganywa pamoja, kama vile mtu atie chumvi upande mmoja wa sufuria halafu aseme mchuzi wote una chumvi ya kutosha. Ukiigawanya kwa kaunti, Nyeri ni 67 na Garissa ni 641. Yaani ni karibu mara kumi! Nchi ni moja, bendera ni moja.

Sasa, je, miili ya wanawake wa Garissa ni dhaifu kuliko ya wale wa Nyeri? Hata kidogo. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili, awe ni wa Garissa, wa Nyeri au wa hapa kwetu. Tofauti ni kinachofanyika katika saa hizo mbili.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walieleza jambo hili vizuri sana. Walisema mama huuawa na kuchelewa, na kuchelewa kuko kwa aina tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa hata baada ya kufika hospitali.

Hebu chukueni mama aliye ndani huko Ganze. Uchungu umeanza jioni. Mume yuko Mombasa kazini, na mama mkwe anasema tungoje baba mwenye nyumba atoe ruhusa. Simu haishiki. Hapo saa mbili za kwanza zimekwisha. Akishapatikana, itafutwe pikipiki, na mvua imenyesha barabara haipitiki. Akifika zahanati anaambiwa hapa hapafanyiki upasuaji, pelekeni mbele. Mwenzake wa Kwale akiletwa hospitali kuu ya rufaa kule Makadara kwa njia ya Likoni, bado kuna feri ya kungojea. Mama wa Nyeri naye hushikwa na uchungu, lakini lami iko karibu na hospitali iko karibu. Mimi nasema waziwazi: hicho si kismet wala si mapenzi ya Mungu. Ni barabara.

Lakini msidhani kila mahali mwanamke kijana huuawa na uzazi. Nendeni upande wa ziwa, Siaya na Homa Bay. Kule kilichowamaliza wanawake wa miaka 20 na 30 katika miaka ya 1990 kilikuwa ukimwi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulipata kwamba kati ya watu wazima 100 wa Homa Bay karibu 20 walikuwa na virusi, hali nchini kote walikuwa kama watano tu. Na wanawake ndio walioathirika zaidi: kama 7 katika kila 100, wanaume 3. Huko kaskazini mashariki, ambako uzazi unaua zaidi, virusi ni vichache mno. Kwa hiyo mabinti wawili wa umri mmoja, mmoja wa Garissa na mmoja wa Homa Bay, kila mmoja ana adui wake. Ukimpelekea wa Homa Bay dawa ya wa Garissa hujamsaidia.

Na kuna habari njema hapo. Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi zimetolewa bure katika hospitali za serikali, na wengi ambao wangekuwa makaburini leo wanalea wajukuu. Ugonjwa haukuondoka. Matibabu ndiyo yaliyofika.

Kwa watoto wadogo picha inageuka tena. Utafiti wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika watoto 1,000 waliozaliwa Nyanza, 82 hawakufikisha miaka mitano. Mkoa wa Kati walikuwa 42. Pwani tulikuwa 57. Malaria ina sehemu kubwa hapo. Mbu wa ziwani na wa kwetu hawapendi baridi ya milima. Lakini sikilizeni hii: Nairobi, jiji kuu lenye hospitali kila kona, walikuwa 72. Mitaa yenye msongamano na maji machafu huua watoto kuliko vijiji vingi. Anayeihama Kilifi kuja kupanga chumba hapa Kisauni asifikiri amemkimbiza mtoto wake kutoka kwenye hatari.

Tukija kwa akina mama wa makamo, miaka 40 kwenda juu, huwa tunawasahau. Wamemaliza kuzaa, kliniki hawaendi tena, na mradi wowote wa afya ukija unauliza wajawazito wako wapi. Kumbe hapo ndipo saratani ya mlango wa kizazi inapoingia kimya kimya. Kila mwaka inaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya, na ni saratani ambayo ikigunduliwa mapema inatibika. Kipimo chake cha siki huchukua dakika chache tu. Chanjo ya kuizuia ilizinduliwa Oktoba 2019, tena si mbali, ni hapo Ziwa la Ng'ombe. Wengine wenu mnaweza kwenda kwa miguu. Hata hivyo bado nasikia ati chanjo hiyo inafunga kizazi. Haifungi. Wasichana wa miaka 10 hadi 14 waipate, na mama zao waende wakapimwe.

Presha nayo iko hapo hapo. Mama anasema kichwa kinamgonga, anafunga leso, anaendelea kukuna nazi. Siku moja anaanguka, na majirani wanasema amerogwa.

Neno hilo "amerogwa" linanipeleka kwa wazee wetu, na hapa lazima niseme la nyumbani. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wanaume na wanawake, kwa sababu ya mvi na macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha macho yake yatakuwa ya rangi gani? Ukifuatilia kesi hizi mara nyingi unakuta shamba nyuma yake. Kule Ganze, Kaya Godhoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Hiki ni kifo cha uzeeni ambacho Nyeri hawakijui kama tunavyokijua sisi, na hakihitaji daktari.

Mtaniuliza, hesabu hizi hupatikanaje? Karani wa sensa huuliza kama kuna mtu aliyekufa katika nyumba hiyo kwa miezi 12 iliyopita, na kama ni mwanamke wa umri wa kuzaa, je, alikuwa mjamzito, au alikuwa akijifungua, au alikuwa ametoka kujifungua? Tafiti nyingine humwuliza mtu juu ya dada zake wa tumbo moja: wangapi walizaliwa, wangapi wako hai, waliokufa walikuwa na umri gani. Ni njia nzuri, lakini ina matundu. Sensa ya 2009 iliipa Mandera vifo 3,795 kwa kila vizazi 100,000. Miaka kumi baadaye kaunti iliyoongoza ilikuwa Garissa na 641 tu. Mimi siamini kwamba hali ilibadilika kwa kiasi hicho; naamini kuhesabu wafu katika nchi kubwa yenye watu wanaohamahama ni kazi ngumu. Na nyanya aliyeishi peke yake akifa, nyumba hufungwa. Karani akija anakuta kufuli. Nani atamjibu?

Kwa hiyo naomba mambo machache kabla hatujanywa chai. Mkienda kwenu kwa matanga, mzazi au dada akiwa amezikwa, ulizeni kama chifu mdogo alipewa habari na kama kifo kimeandikishwa. Wengi huzika wakanyamaza. Wale wenye binti au mke mjamzito aliyebaki mashambani, mwacheni ruhusa leo, mbele ya mama mkwe, pamoja na nauli ya pikipiki mkononi, asingoje simu yenu. Na mumwandikishe SHA mapema, maana tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, na ile Linda Mama tuliyoizoea imegeuzwa kuwa Linda Jamii. Ambaye hajui kuandikisha kwa simu, vijana wale wa mlangoni watamsaidia hapa hapa. Njooni na vitambulisho.