Kuandaa na Kukata Karatasi za Ukutani kabla ya Kubandika

Roli la karatasi ya ukutani la kipimo cha Ulaya, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, yaani mita za mraba 5.3 hivi. Wanunuzi wengi hugawa eneo la ukuta kwa tarakimu hiyo ya mwisho na kupata idadi ya maroli. Hesabu hiyo hupotosha. Karatasi hubandikwa kwa vipande virefu vinavyoshuka kutoka dari hadi sakafu, hivyo kinachohesabiwa ni vipande.

Mfano ni ukuta wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3.2. Upana huo unahitaji vipande 8. Kila kipande huongezewa sentimita 5 juu na 5 chini za kupunguzwa baadaye, kikafikia mita 3.3. Karatasi isiyo na maua hutoa vipande 3 kwa roli, na maroli 3 yanatosha. Mambo hubadilika maua yakiwa yanajirudia kila sentimita 64. Ili ua la kipande kimoja likutane na la jirani yake, urefu wa kukata lazima ugawanyike kwa 64: marudio 5 hayafiki, na 6 ni mita 3.84. Roli sasa linatoa vipande 2 tu, na ukuta uleule unataka maroli 4. Mabaki ya mita 2.37 katika kila roli hayatupwi. Hutumika juu ya mlango na chini ya dirisha.

Aina ya mpangilio wa maua huoneshwa kwenye lebo. Mishale miwili inayotazamana sawasawa ina maana kwamba maua hukutana kwa usawa mmoja. Mishale iliyopishana ina maana kwamba kipande cha pili husogezwa, mara nyingi kwa nusu ya marudio. Hapo ni nafuu kukata kwa kupokezana kutoka maroli mawili. Mshale wenye sifuri ni karatasi isiyohitaji kulinganishwa. Kwenye lebo hiyohiyo imo namba ya toleo, nayo lazima ifanane kwa maroli yote, kwani matoleo mawili ya rangi moja huweza kutofautiana, na tofauti hiyo hujitokeza vipande vikishakaa bega kwa bega ukutani.

Ukuta nao una masharti yake. Plasta mpya ya saruji huachwa angalau wiki 4, kwa kuwa unyevu hubandua karatasi na magadi ya saruji hubadili rangi. Pwani, ambako chumvi na ukungu ni adui wa kila siku, kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe, pande zote nne, kwa siku nzima. Matone yakionekana upande wa ukutani, ukuta haujakauka. Chokaa inayochafua mkono hukwanguliwa, rangi ya mafuta husuguliwa kwa msasa, na nyufa huzibwa.

Ukataji hufanyika juu ya meza ndefu na safi, kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe mpya, maana wembe butu huchana karatasi. Kimo cha ukuta hupimwa sehemu kadhaa na kinachofuatwa ni kile kikubwa. Kipande cha kwanza hujaribiwa ukutani kikiwa kikavu, kisha vingine hulinganishwa nacho ua kwa ua. Nyuma ya kila kimoja huandikwa namba na mshale wa kuonesha juu, kwa penseli, kwa sababu wino hupenya na kujitokeza mbele.

Pembe za nyumba nyingi hazijanyooka. Kipande cha kona hukatwa kwa kupima umbali wa juu, kati na chini, kuchukua ule mkubwa, na kuongeza sentimita 1 au 2 za kuzunguka kona. Kinachofuata huanzia kwenye mstari mpya wa timazi.

Kabla gundi haijakorogwa, vipande vyote vipangwe kwa namba na kukaguliwa kwa mwanga wa mchana: roli lenye kasoro likiwa halijakatwa lote, ni rahisi zaidi kulirudisha dukani.