Upepo, kashata na geji: tairi la gari na usalama wa dereva katika barabara zetu

Mada iliyotolewa kwenye semina ya madereva, mafundi pancha na wenye magari, Nkololo, Wilaya ya Bariadi

 

Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, basi na Coaster viligongana eneo la Sabasaba wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kisha vikawaka moto. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha, na baadhi yao waliungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa ya awali ilisema tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari. Sote tulizisikia habari zile, tukawaombea marehemu, na kesho yake tukawasha magari kama kawaida. Ni wangapi kati yetu walioinama asubuhi ile kuangalia tairi za gari wanaloliendesha?

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa tairi pamoja na vyombo vinavyomsaidia dereva. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnibishie vizuri: kwa magari tuliyonayo huku, chombo cha kwanza cha usalama ni geji ya upepo, na mlinzi wa kwanza wa abiria ni fundi pancha. Breki za ABS, taa za dashibodi na king'amuzi cha mwendo vinakuja nyuma yake, na vyote vinafanyia kazi juu ya tairi lile lile.

Upepo ndio unaobeba mzigo

Kinachobeba abiria na magunia ni upepo ulio ndani ya tairi. Mpira na waya kazi yake ni kuushikilia upepo huo usitoke. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unakunjika zaidi kila gurudumu linapozunguka. Tairi la kawaida la gari dogo, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, linazunguka mara 11 hivi kila sekunde, maana yake ubavu unakunjwa na kunyooshwa mara 11 kila sekunde. Chukua kipande cha waya ukikunje haraka haraka mahali pamoja: panapata moto, kisha panakatika. Ndivyo tairi lenye upepo mdogo linavyokufa. Moto unajijenga ndani ambako huoni, mpira unaanza kuachana na waya zake, halafu siku moja kashata zote, yaani yale meno ya tairi yanayogusa barabara, zinabanduka gari likiwa kwenye mwendo.

Sasa niseme kuhusu mazoea yetu. Barabara ya changarawe ikichakaa, dereva anapunguza upepo ili gari lisirushe abiria. Mvua zikinyesha na udongo wa mbuga ukawa tope, anapunguza tena ili tairi lishike. Kwenye tope silipingi hilo, kwa sababu kweli linasaidia. Tatizo ni linalofuata. Gari likishatoka kwenye tope linaingia lami ya Bariadi kwenda Lamadi, au ile ya Maswa, jua la saa nane linawaka, abiria wamejaa, na mguu uko kwenye mafuta. Upepo uliopunguzwa kwa ajili ya tope bado ni ule ule. Atakayepunguza upepo kijijini awe na pampu ya kuurudisha kabla hajagusa lami. Siku hizi zipo pampu ndogo zinazotumia umeme wa gari, na pampu ya mguu inatosha kwa mwenye subira.

Kupima upepo kunataka tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Joto la tairi likipanda nyuzi 6 hivi za Selsiasi, geji inapanda kwa PSI 1. Kwa hiyo ukipima Lamadi baada ya mwendo mrefu utakuta upepo umezidi, na ukiupunguza pale, kesho asubuhi gari litaamka na upepo mdogo. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na vibandiko vyake vinaandika kPa. Gawanya kwa 7, utapata PSI kwa karibu sana. Kibandiko kikisema 230, jaza 33. Namba ya upepo iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo chake, msiitumie kama kipimo cha kujazia.

Na tafadhali, tuache kupima kwa teke au kwa kugonga na spana. Tairi za radial za kisasa zinaweza kuwa zimepoteza robo ya upepo wake na bado zikaonekana zimesimama sawa. Kwenye Fuso ni hatari zaidi, kwa sababu nyuma tairi zipo mbili mbili. La ndani likiisha upepo, mwenzake analibeba, na utingo anayegonga la nje anasikia mlio mzuri. Safari inaendelea huku tairi moja likibeba mzigo wa mawili. Msimu wa ununuzi wa pamba, Fuso zinapozunguka kwenye vituo vya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) kubeba pamba hadi kwenye vinu, kila tairi la ndani lipimwe kwa geji, hata kama kulifikia ni kujichafua.

Tairi lililopo mezani

Tairi hili nimeazimwa na fundi mmoja wa hapa hapa. Lilitolewa kwenye Hiace ya abiria. Naomba mlisogelee, mlishike.

Ubavuni limeandikwa 195/65R15 91H. Upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 15. Wengi tunaishia hapo: rimu imeingia, basi tairi limefaa. Namba ya kuangalia kwa gari la abiria ni hiyo 91. Inamaanisha tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. Hiace nyingi zinatoka Japani zikiwa na 195/80R15 yenye namba 107, ambayo ni kilo 975 kwa tairi. Tupige hesabu. Matairi manne ya 107 yanabeba kilo 3,900. Manne ya 91 yanabeba kilo 2,460. Gari tupu lina kilo zipatazo 1,800. Weka watu 16 wa kilo 65 kila mmoja, umeshafika 2,840. Hujaweka gunia la mpunga, wala kuku, wala godoro la mwanafunzi. Gari hilo linaondoka stendi likiwa limeshazidiwa, na trafiki hana jinsi ya kuligundua kwa kuhesabu vichwa peke yake.

Pembeni kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne: 3514. Lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo, na jua letu linauzeesha haraka zaidi. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado zipo. Ukinunua la mtumba, tarakimu hizo zisome kabla hujatoa pesa. Zikiwa zimefutwa, rudisha tairi.

Angalieni uso wake. Upande wa nje kashata zipo, upande wa ndani ni kipara na waya zinachoma kidole. Gari lile lilihitaji alaimenti, na dereva hakuona kwa sababu alikuwa akiangalia upande wa nje tu. Hapa ubavuni pana nundu. Hapo nyuzi za ndani zimeshakatika, kilichobaki kuzuia upepo ni mpira mtupu. Na mkitazama ndani, mtakuta tairi hili lisilohitaji tyubu lilitiwa tyubu, na kipande cha tairi kuukuu kimewekwa kuziba mpasuko. Fundi hakuyafanya haya kwa ubaya. Mwenye gari alimwambia limalizie wiki, na kama angekataa, kijiwe cha jirani kingekubali. Hapo ndipo ninapoona mzigo wa mafundi wetu ulivyo mzito, na ndipo ninapowaomba mkubaliane ninyi wenyewe, vijiwe vyote, kwamba ubavu uliopasuka hauzibwi na kashata hazichongwi. Mkikubaliana, hakuna atakayempokonya mwenzake mteja.

Kashata kazi yake kubwa ni kukamua maji. Katikati ya mifereji yake kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha. Mvua kubwa ikinyesha kwenye lami, tairi linaweza kupanda juu ya maji na usukani ukawa mwepesi ghafla. Kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA inaonyesha kwamba upepo nao una sehemu yake: tairi la PSI 36 huanza kuelea kwenye mwendo wa kilometa 100 hivi, la PSI 25 kwenye 83. Likiwa kipara, mapema zaidi ya hapo.

Vyombo vya kumsaidia dereva

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000, baada ya vifo vingi vilivyohusishwa na tairi za Firestone kwenye magari ya Ford Explorer, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya jepesi kule lilitakiwa kuwa na king'amuzi cha upepo wa tairi. Ulaya ikafuata, kwa magari madogo yote mapya ya abiria, Novemba 2014. Japani haikuweka sharti hilo, ndiyo maana Noah na Probox zetu nyingi hazina kifaa hicho. Unaweza kununua vya kufunga kwenye valvu, vikiwa na kioo kidogo cha kuweka kwenye dashibodi. Vinafanya kazi, ila vinaibiwa kirahisi, na betri zake zinakwisha bila kelele. Kwenye magari ambayo king'amuzi kimo ndani ya gurudumu, taa nyingi huwaka pale upepo unapokuwa umeshapungua kwa robo. Anayeisubiri taa amechelewa.

ABS inazuia magurudumu yasijifunge ili uweze kukata kona huku umekanyaga breki. Pedeli ikitetemeka, endelea kukanyaga. Lakini kwenye changarawe legevu gari lenye ABS linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko lisilo nayo. Ng'ombe wanapovuka jioni, kilichobaki ni kupunguza mwendo mapema. Kwa 80, gari linatembea mita 22 kila sekunde kabla hujagusa breki.

Kwenye mabasi, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, wameweka mfumo wa kufuatilia mwendo, na umesaidia kuwabana wanaokimbiza. Mfumo huo unajua basi lina mwendo gani na lipo wapi. Hali ya tairi haijui, hiyo mnaijua ninyi.

Mkinunua matairi mawili mapya, yafungeni nyuma. Najua wengi wenu mnayaweka mbele. Tairi la mbele likiteleza gari linakwenda moja kwa moja na ukipunguza mwendo linarudi. La nyuma likiteleza, gari linageuka lenyewe na madereva wachache wanaweza kulirudisha. Na likipasuka ukiwa kwenye mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, liache gari lipungue lenyewe ndipo ulitoe barabarani.

Kwa wenye magari nina ombi moja. Dereva anayeleta hesabu ya siku hana fungu la kununulia tairi. Tenga kiasi kila wiki kwa ajili ya matairi, kikae kwako, na dereva akikwambia tairi limekwisha, njoo ulione mwenyewe kabla hujasema limalizie.

Baada ya chai tutatoka nje. Geji za vijiwe vyote zitapimwa juu ya tairi moja, ili tuone ipi inadanganya na kwa PSI ngapi. Kisha kila dereva atasoma tarakimu nne za tairi zake zote, pamoja na spea, na kuziandika kwenye daftari lake.