Jitu Liachwe Lile Kwanza: Mjadala wa Hadithi Fupi za Fantasia katika Vilabu vya Usomaji vya WhatsApp



Nimeombwa nizungumzie nafasi ya hadithi fupi za fantasia katika kukuza usomaji mtandaoni. Nitangulize kusema kwamba maoni haya ni yangu kama mratibu, si msimamo wa taasisi iliyonileta.

Fasili nitazipitia mbiombio, maana waliomo humu wanazijua. Hadithi fupi ni ile inayosomeka kwa kikao kimoja. Fantasia ni hadithi ambamo yasiyowezekana yanatokea na wahusika hawana budi kuishi nayo. Klabu ya mtandaoni, kwa semina hii, ni kundi la WhatsApp lenye admini, hadithi moja kila baada ya muda, na usiku mmoja wa mjadala. Wala fantasia si ngeni kwetu. Shaaban Robert alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela akakifinyanga upya kuwa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Wamitila nao wamepita njia hiyo, kila mmoja kwa hatua zake. Inatosha.

Tatizo ninalotaka kulieleza ni moja, na nimepambana nalo kwa miaka: wasomaji wetu hawaingii ndani ya hadithi. Wanasimama mlangoni na kutangaza maana yake.

Nichukue "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyobeba jina la mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kusomwa katika shule za sekondari Kenya. Madongoporomoka ni mtaa wa wanyonge wanaohofia kunyang'anywa ardhi yao. Siku moja Jitu linaingia katika Mkahawa Mshenzi wa Mzee Mago, linakaa, linaagiza, linakula. Linakula chakula chote kilichokuwemo, wateja wakiwa wameduwaa. Ni tukio la kuchekesha na la kutisha kwa pamoja, na mwandishi hakulifanyia haraka.

Tuliipanga hadithi hii kwa mjadala wa Ijumaa usiku. Admini hajamaliza kukaribisha watu, ujumbe wa kwanza ukaingia: Jitu linawakilisha wanyakuzi wa ardhi. Wa pili akaandika kwamba linawakilisha ubepari. Wa tatu akataja viongozi walafi. Yakafuata madole gumba mengi, kisha kimya. Kesho yake asubuhi kundi lilikuwa limerudi kwenye matangazo ya harusi na salamu za kuforwadi.

Jibu lile halikuwa kosa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Hadithi inahusu unyakuzi. Msomaji yeyote makini ataliona hilo. Lakini aliyetuma ujumbe ule angeweza kuuandika bila kuisoma hadithi yenyewe, kwa kutazama mwongozo tu, na nina hakika baadhi walifanya hivyo.

Chanzo tunakijua, ingawa katika vikao vya namna hii tunakitaja kwa sauti ya chini. Ni mtihani. Kwa miaka minne kijana wa sekondari anafundishwa kwamba kitabu ni ghala la dhamira, na swali ni lilelile: jadili dhamira kwa kutumia vitabu viwili. Kwa wengi wetu Tanzania, joka la pekee tulilokutana nalo kwenye orodha ya riwaya za kidato cha nne lilikuwa lile la Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, na humo hakuna joka, kuna watu. Msomaji aliyekulia hapo, ukimpa hadithi yenye jini, lazima aulize jini ni nani serikalini. Siwalaumu walimu, na naomba kumbukumbu za kikao zilionyeshe hilo. Nalaumu mazoea, yakiwemo ya sisi waratibu, maana maswali tunayoyatuma kwenye makundi tumeyanakili kutoka karatasi za mitihani.

Tuliirudia hadithi ileile kwa sharti moja: kwa nusu saa ya kwanza hakuna kusema kitu chochote kinawakilisha nini. Swali likawa: ungekuwa umekaa meza ya pili mle mkahawani, ungefanya nini? Kundi lilinuna. Mmoja aliuliza kama tumerudi chekechea. Kisha dada mmoja, mama lishe, akatuma ujumbe wa sauti, masufuria yanasikika yakigongana nyuma yake. Alisema yeye asingeogopa ukubwa wa lile Jitu. Angewaza wateja wake wa kila siku: mafundi, wapiga debe, yule mzee anayekula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Saa saba wanafika, wanakuta sufuria zimekwanguliwa. Mteja akikosa chakula siku mbili, ya tatu ameshahamia kwa jirani. Kwa hiyo, alisema, hata Jitu likilipa kila senti, limeshakula na kesho yake.

Baada ya hapo mjadala ulienda hadi usiku wa manane. Ardhi ya Madongoporomoka ilirudi yenyewe, bila kuitwa: fidia ni nini, na nani anamlipa mtu kesho yake. Jibu la ubepari halikuwa limetufikisha huko.

Lipo pia suala la wanachama ambao kwao jini si fantasia. Pwani hili ni la kawaida, na busara ni kuiacha imani ya mtu mahali pake. Nimeona mjadala wa Adili na Nduguze ukigeuka wa kidini kwa dakika tano, kisha haukurudi tena kwa Adili na wale manyani aliowachapa kila usiku, ambao ni ndugu zake wa damu. Nako maana ilifika kabla ya kisa.

Napendekeza yafuatayo. Kila klabu itenge muda wa mwanzo usio na tafsiri, na admini awe na ujasiri wa kuusimamia. Maswali yaandikwe upya, yaulize mhusika alifanya nini na msomaji alijisikiaje. Miongozo ya mitihani isitumwe kwenye kundi kabla ya mjadala. Ikibidi, itumwe baadaye. Waratibu wafunzwe kuvumilia kimya cha dakika kumi bila kukijaza na jibu. Kwa kuanzia, zichaguliwe hadithi zisizojitoboa zenyewe: "Mayai Waziri wa Maradhi" ya Kezilahabi ni kazi nzuri, lakini jina lake tu linampa msomaji mvivu jibu. Kisa cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima kinafaa zaidi. Jarida la Jalada lilikitoa mwaka 2016 katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, nacho kinasomeka bure. Hili linatuepusha na dhambi ya kupiga kurasa picha na kuzisambaza, ambayo wachapishaji waliomo humu wanaijua vizuri kuliko ninavyoweza kuieleza. Ujumbe wa sauti uruhusiwe, maana wapo wanaofikiri vizuri wakiongea kuliko wakiandika. Narudia: muda usio na tafsiri, japo nusu saa.

La mwisho, ambalo nilishauriwa niliache: waratibu wanajinunulia bando wenyewe. Bajeti ya uhamasishaji wa usomaji ikipangwa, fulana zipunguzwe, na kifungu cha bando kiwekwe.