Usukani wa Lori la Kikundi: Tusinunue kwa Macho

Mazungumzo na wanavikundi wa kujisaidia, Runyenjes



Leo sitasema juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Viongozi wa vikundi viwili wameniuliza jambo moja: lori letu ni la zamani, usukani umepasuka, tutapata wapi mwingine unaolingana nalo? Si swali dogo. Lori la kikundi ni mali ya watu wengi. Linabeba kahawa, mchanga, mbolea na mahindi, na mara nyingine, ingawa tunakatazwa, linabeba watoto wetu juu ya magunia. Usukani ukishindwa, hakuna wa kuuliza tena habari za faida.

Hapa kwetu barabara si tambarare. Ukitoka Runyenjes kuelekea Chuka unateremka mpaka mto Thuci na kupanda tena. Mbele zaidi, kwenye daraja la Nithi, mnakumbuka Julai 2022 basi lilivyotumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi lile lilikuwa jambo la usukani. Nasema kwamba barabara zetu hazisamehe gari bovu.

Kikundi kimoja hapa jirani kilipata somo hili kwa uchungu. Usukani wa lori lao ulikuwa umepasuka katikati. Walimpa dereva pesa, akaenda Nairobi peke yake, akarudi na usukani mzuri unaong'aa, wa gari la aina nyingine. Haukukaa sawasawa. Fundi mmoja akakata kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, akakishindilia ndani, akakaza nati. Wiki mbili ukafanya kazi. Wiki ya tatu, kwenye mteremko, dereva alizungusha usukani lakini magurudumu hayakugeuka. Lori likaingia shamba la chai. Tunashukuru hakuna aliyekufa, ila kijana mmoja alivunjika mguu. Tena kikundi nacho kikavunjika karibu nusu, maana kila mtu alimlaumu mwenzake kuhusu zile pesa.

Sasa tuulize: kosa lilikuwa wapi? Dereva hakuwa mwizi, na bei haikuwa mbaya. Kosa ni kwamba walinunua kwa macho. Usukani, au stelingi kama tunavyoita, haulingani na lori kwa sababu ya ukubwa au uzuri wake. Unalingana kwa sababu ya kile kitundu cha katikati.

Nieleze vizuri. Chini ya usukani kuna chuma kirefu ambacho mafundi wanakiita shafti. Kichwa chake kina meno madogo kukizunguka. Kitovu cha usukani kina meno kama hayo kwa ndani. Meno ya huku yanaingia katikati ya meno ya kule, kisha nati inakaza juu. Kinachogeuza lori ni yale meno. Kazi ya nati ni kuzuia usukani usitoke.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kutafuta, pimeni mambo manne na kuyaandika.

Kwanza, hesabuni meno. Wekeni alama ya chaki kwenye jino moja, mzunguke mpaka mrudi pale pale. Shafti yenye meno 36 na yenye meno 40 zinaweza kufanana kabisa machoni, lakini haziwezi kuoana.

Pili, pimeni unene wa shafti kwa kipimo cha fundi, kwa milimita. Rula ya shule haitoshi.

Tatu, angalieni kama kichwa cha shafti kimenyooka au kimechongoka kidogo kuelekea juu. Shafti iliyochongoka inataka kitovu kilichochongoka vivyo hivyo. Mkichanganya, nati itakaza na mtadhani kazi imekwisha, kumbe meno yameshikana sehemu ndogo tu.

Nne, pimeni upana wa usukani kutoka ukingo hadi ukingo, na jinsi ulivyozama katikati. Lori la zamani lisilo na msaada wa pampu ya mafuta linageuzwa kwa nguvu za mikono, na ndiyo sababu usukani wake ni mpana. Ni kama mpini wa jembe: ukiufupisha, kazi inazidi. Ukiondoa usukani wa inchi 18 ukaweka wa inchi 15, dereva atahitaji nguvu zaidi kwa sehemu moja ya tano. Lori likiwa limejaa mchanga, hilo si jambo la mchezo.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kubeba usukani wa zamani wenyewe mpaka kwa muuzaji. Msiutupe hata kama umepasuka. Kuutoa ni kazi ya fundi: kwanza afungue waya wa betri, afungue nati bila kuitoa yote, kisha avute kwa pula. Ile nati iliyobaki inazuia usukani usimrukie usoni. Asigonge kwa nyundo, maana anaweza kuharibu shafti, na hapo gharama itaongezeka maradufu.

Mtautafuta wapi? Anzeni na aina ya lori lenu na mwaka wake, kama ilivyoandikwa kwenye logbuku. Kwa Isuzu, kiwanda cha Nairobi tulichozoea kukiita General Motors kinaitwa Isuzu East Africa tangu 2017, na mawakala wake wanaweza kutafuta kwa namba ya kifaa. Bedford ni shida zaidi. General Motors iliuza kiwanda chake cha malori ya Bedford kule Uingereza mwaka 1987, na kampuni iliyokinunua ikafilisika 1992. Kwa lori kama hilo tafuteni wanaovunja magari ya zamani: anzeni Embu, kisha muende Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi. Ulizeni usukani uliotoka kwenye lori la jina lile lile na la miaka inayokaribiana, kisha mhesabu meno palepale. Neno la muuzaji lisichukue nafasi ya hesabu yenu.

Tena jihadharini na usukani wa gari jipya wenye mfuko wa hewa ndani. Ule mfuko una baruti. Kwenye lori lenu hautasaidia kitu, na mtu akianza kuukata unaweza kumlipukia.

Kabla ya kununua, jiulizeni pia kama kweli mnahitaji mwingine. Ikiwa kilichopasuka ni plastiki ya juu tu, na chuma cha ndani na kitovu ni kizima, fundi anaweza kujaza nyufa kwa gundi ngumu, na mshona viatu akaufunika kwa ngozi. Lakini kitovu kikiwa na ufa, au meno yamelika, usukani huo umekwisha. Usichomelewe. Usitiwe bati. Rahisi huvunja upishi.

Sasa juu ya pesa. Msimtume mtu mmoja. Waende watatu: dereva, fundi, na mwanachama mmoja aliyechaguliwa kwenye mkutano, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Waulize bei kwa wauzaji wawili au zaidi. Kwenye risiti muuzaji aandike kwamba atakubali kurudishiwa usukani usipoingia. Mkilipa kwa M-Pesa, ujumbe ule utunzwe na mweka hazina. Hivyo hata jambo likiharibika, hakuna atakayenyoosheana kidole na mwingine.

Usukani ukishafungwa, magurudumu yakiwa yamenyooka, jaribuni uwanjani lori likiwa tupu. Geuzeni mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Je, unagusa magoti? Honi inalia? Taa za kukata kona zinajizima zenyewe? Baada ya siku chache fundi aangalie nati tena. Magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini tusingoje mkaguzi atuambie kuhusu maisha yetu wenyewe.

Mkirudi nyumbani, kila kikundi chenye gari kifanye jambo moja wiki hii. Mwenyekiti, dereva na fundi wakae kwenye lori lililosimama. Dereva ashike usukani, autikise juu na chini, kushoto na kulia. Ukicheza mkononi huku magurudumu yametulia, lori lisitoke mpaka fundi ajue sababu. Mzigo wa kahawa unaweza kungoja siku mbili.

 Sasa niko tayari kwa maswali.